Kupunguza minyoo fundo bila sumu: kazi inayofanyika shamba likiwa tupu

Saa sita mchana mnyanya umelegea, majani yameinama. Jioni unainuka. Kesho yake unalegea tena ingawa udongo una unyevu wa kutosha. Mkulima anaongeza maji, kisha mbolea, kisha anapuliza dawa ya majani, na mmea unazidi kudumaa huku mwenzake wa mita mbili pembeni akiwa mzima kabisa. Ukiona shamba lina mabaka ya namna hiyo, acha kuangalia majani. Chukua jembe uende chini.

Huko chini mara nyingi utakuta minyoo fundo, kundi la nematodi (minyoo midogo sana ya udongoni) ambalo wataalamu huliita Meloidogyne. Kinda wake hafiki hata nusu milimita, hana rangi, na huwezi kumwona udongoni kwa macho matupu. Anatafuta ncha ya mzizi, anapenya, anatulia karibu na mishipa inayopitisha maji, kisha kwa sindano ndogo iliyo mdomoni mwake anazichokoza seli chache mpaka zinavimba na kugeuka jiko la kumlisha. Mzizi nao unavimba kumzunguka, na hapo ndipo fundo linapotokea. Maji yanayopanda hukwama njiani, ndiyo maana mmea unanyauka ukiwa umesimama kwenye udongo mbichi.

Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi, kizazi kimoja hukamilika kwa takriban wiki 4. Spishi zinazosumbua mashamba ya joto hazihitaji hata dume: jike peke yake hutaga mamia ya mayai. Tuseme jike ametaga mayai 300, na katika kila makinda 20 ni mmoja tu anayefanikiwa kukua na kutaga. Hao ni majike 15 baada ya mwezi. Mwezi wa pili ni 225. Mwezi wa tatu ni 3,375, wote kutoka kwa mnyoo mmoja, na nyanya bado iko shambani.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu inaonyesha kazi yenyewe ni ipi. Minyoo fundo wakishaingia shambani huwamalizi. Unachoweza ni kuhakikisha siku ya kupanda wako wachache, ili mizizi michanga ipate wiki zake 6 za mwanzo kwa amani. Mmea ulioshambuliwa ukiwa tayari umetandaza mizizi huzaa; mche ulioshambuliwa kitaluni hauna msimu tena. Kwa hiyo kazi kubwa ni ile inayofanyika kati ya zao moja na jingine, wakati wengi wetu tumeweka jembe chini tukipumzika.

Hatua ya 1: Chimba, using'oe

Ukivuta mmea kwa shina, mizizi myembamba yenye ushahidi inakatika na kubaki ardhini. Ingiza jembe au reki ya uma umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina, nyanyua bonge zima, liloweke kwenye ndoo ya maji kwa dakika kumi, kisha litikise polepole mpaka udongo uachie. Usisugue.

Sasa tandaza mizizi juu ya kitu cheupe na uitazame kwenye mwanga wa jua. Mafundo ya minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe: mzizi unaingia upande huu mwembamba, unavimba, unatoka upande wa pili mwembamba. Mengine yanashikana yakawa kama tangawizi. Ukitazama kwa makini juu ya fundo bichi, pengine kwa kioo cha kukuzia, utaona vitone vya ute vya rangi ya kahawia, vidogo kuliko kichwa cha pini. Hivyo ndivyo vifuko vya mayai. Mara ya kwanza nilipovitambua nilikaa kimya muda mrefu, maana nilikuwa nimevishika mkononi kwa miaka bila kujua ni nini.

Kwenye maharage, kunde na jamii yake yote kuna jambo la kuchunga. Mikunde ina vinundu vyake vya heri, vinavyotengenezwa na bakteria wanaovuta nitrojeni kutoka hewani. Kinundu hicho kimening'inia ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinatoka, na ukikipasua ndani ni chekundu au waridi. Fundo la mnyoo halibanduki mpaka ukate mzizi. Nimeona watu waking'oa maharage mazuri kabisa kwa kutojua tofauti hii.

Si kila nematodi anaacha mafundo. Wa jenasi ya Pratylenchus huacha mabaka ya kahawia na meusi kwenye mizizi, na mizizi inabaki mifupi kama iliyokatwa. Kwenye migomba, Radopholus similis hutoboa mizizi na kuiacha na madoa mekundu ya kahawia ndani, mpaka mgomba wenye mkungu unaanguka wote ukiwa na shina zima. Wale wa viazi mviringo, Globodera, wanaonekana kama punje za mchanga, nyeupe au za dhahabu, zilizoshika mizizi; kila punje ni mwili wa jike, ambaye akifa hugeuka kahawia na kubaki amejaa mayai, na mayai hayo yanaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 20. Mwongozo huu unaegemea minyoo fundo. Ukidhani umepata Globodera, usihamishe udongo wala mbegu za viazi kutoka shamba hilo, na uwaarifu wataalamu wa afya ya mimea.

Hatua ya 2: Uulize udongo kabla hujapanda

Maabara ikiwepo, peleka sampuli. Isipokuwepo, mche mchanga ni kipimo kizuri sana, na gharama yake ni muda tu.

Tembea shambani kwa mtindo wa kukata kona, chota udongo sehemu 15 hadi 20, kina cha sentimita 20 hivi, mahali palipokuwa na mizizi ya zao lililopita. Chota udongo ukiwa na unyevu, uweke kwenye mfuko na uutunze kivulini. Mfuko ulioachwa juani unaua minyoo na utakupa jibu la uongo. Changanya, kisha gawa mafungu mawili. Fungu moja lipikwe kwa mvuke juu ya maji yanayochemka kwa nusu saa, kisha lipoe. Jaza vikopo vitatu vitatu kutoka kila fungu, uvitie alama, panda tango au nyanya, na mwagilia sawasawa. Baada ya wiki 3 hadi 4 osha mizizi. Ile ya udongo uliopikwa inapaswa kuwa safi. Idadi ya mafundo kwenye ile mingine ndiyo hali ya shamba lako.

Ipo pia njia ya sinia: kichujio kilichotandikwa karatasi laini ya shashi, udongo tabaka jembamba juu yake, chini sinia yenye maji yanayogusa udongo. Ndani ya saa 24 hadi 48 nematodi hai hujipenyeza na kushuka majini. Lakini hapo utahitaji hadubini na mtu anayewajua, kwa sababu nematodi wengi utakaowaona hawali mimea. Wanakula bakteria, wanakula kuvu, wengine wanakula nematodi wenzao, na shamba linawahitaji.

Hatua ya 3: Funga mlango

Mnyoo fundo kwa nguvu zake mwenyewe hasafiri hata mita moja kwa mwaka. Safari nyingine zote tunamsafirisha sisi: kwenye miche, kwenye udongo ulioganda kwenye jembe na viatu, kwenye magurudumu ya trekta, kwenye maji yanayotiririka kutoka shamba la juu.

Kitalu ndicho cha kulindwa kuliko vyote. Usioteshe miche kwenye udongo wa shamba uliowahi kuwa na mboga. Tumia trei zenye nyuzi za nazi au mboji iliyoiva kwa joto, au upike udongo kwa mvuke kama ilivyoelezwa. Miche ya kununua, chomoa michache na uoshe mizizi yake hapohapo kabla hujalipa. Fundo moja linatosha kuikataa trei nzima. Muuzaji anaweza kukasirika. Vumilia, kwa sababu ukishaipanda, minyoo hiyo itakuwa yako kwa miaka.

Machipukizi ya migomba yana dawa yake nzuri. Menya kitako chote kwa kisu mpaka kibaki cheupe, ukiondoa mizizi na kila doa, kisha ukizamishe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Kipande kidogo kinaweza kuzamishwa kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20, ila hapo kipimajoto ni lazima. Kwa wengi njia ya sekunde 30 ndiyo inayofanyika vizuri. Ipoze kivulini na uipande mahali pasipo na migomba mizee.

Na magugu. Mnavu na mchicha pori humlisha mnyoo mwaka mzima huku wewe ukiamini shamba limepumzika.

Hatua ya 4: Mazao yakiisha, mizizi itoke wiki hiyohiyo

Kama kuna hatua moja tu utakayofuata, iwe hii. Tuna tabia ya kuacha minyanya ya mwisho wa msimu isimame, kwa kuwa bado inatoa vijitunda vidogo. Nilifanya hivyo miaka mingi. Rudi kwenye hesabu ya mwanzo: mwezi wa nne, unaofuata ile mitatu, ndio unaozaa jeshi la msimu ujao, na unalilea kwa ajili ya ndoo mbili za nyanya zisizouzika.

Mchumo wa maana ukiisha, chimba mizizi yote, itikise, itandaze juu ya turubai au paa ikauke kabisa juani, kisha ichome au ifukie mbali na shamba. Usiitie kwenye lundo la mboji lisilopata joto. Lundo linalofika nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa na kupinduliwa litaua mayai. Lundo la kawaida la pembeni, lililopoa, litayatunza na kuyarudisha shambani pamoja na mbolea. Mashina yaliyo juu ya ardhi hayana tatizo la minyoo hawa.

Hatua ya 5: Tumia jua, na uanze kwa maji

Wengi wanajua kulima kiangazi na kuacha ardhi wazi. Ni jambo jema, ila lina siri. Mayai na makinda ndani ya udongo uliokauka taratibu wanaweza kulala, wakasubiri mvua. Hivyo mwagilia kwanza ardhi tupu, iache na unyevu wiki moja au mbili. Mayai yataanguliwa, makinda yatatoka kutafuta mzizi na hautakuwepo. Kinda hali kitu chochote mpaka aupate mzizi. Anaishi kwa mafuta aliyozaliwa nayo, na kwenye udongo wa joto wenye unyevu mafuta hayo huisha upesi. Kisha geuza udongo kina cha sentimita 20 hadi 30, uuache upigwe na jua, na uugeuze tena baada ya siku kumi, mara tatu au nne. Kila ukigeuza unawaleta juu waliokuwa wamejificha.

Palipo na kipande kidogo chenye thamani, kama tuta la kitalu au ndani ya kitalu nyumba, funika kwa plastiki. Njia hii ilielezwa na mtafiti Katan na wenzake nchini Israeli mwaka 1976. Lainisha udongo, uusawazishe usiwe na mabonge, mwagilia mpaka unyevu ushuke sentimita 30, tandaza plastiki angavu igusane na ardhi, na ufukie kingo zote. Iache wiki 4 hadi 6 za jua kali kuliko yote. Plastiki nyeusi haifai hapa, kwa kuwa inapata moto yenyewe badala ya kuupitisha ushuke udongoni. Sentimita za juu hupita nyuzi 45 na minyoo hufa. Chini ya sentimita 30 joto halitoshi, na walioko huko watapanda tena, kwa hiyo hesabu nafuu ya msimu mmoja, na ukiondoa plastiki usilime kwa kina na kuwaleta juu.

Hatua ya 6: Wanyime chakula

Kutoka nyanya kwenda bilinganya, kisha bamia, kisha tango, ni kumbadilishia mnyoo sahani. Mazao yote hayo anayapenda. Karoti, maharage, maboga na pilipili nyingi zimo humohumo. Mahindi yanahadaa: hayaonyeshi mafundo makubwa, watu wanasema yako salama, kumbe baadhi ya minyoo fundo wa kawaida, kama M. incognita (M. ni kifupi cha Meloidogyne), wanazaliana ndani yake kimyakimya.

Ya kumnyima chakula ni haya. Karanga haziwalishi M. incognita, na kwa kawaida hata M. javanica, ingawa M. arenaria na M. hapla wanazishambulia, ndiyo sababu kujua spishi kuna faida. Majani ya malisho ya jenasi ya Brachiaria, na chotara wa mtama na nyasi ya Sudani, hupunguza idadi yao vizuri. Marejea, yaani Crotalaria, ni chaguo ninalolipenda kuliko mengine: makinda huingia kwenye mizizi yake na wengi wao hawakui, na papo hapo yanaweka nitrojeni ardhini. Yapande kwa kusongamana, yakate yakianza kutoa maua na uyafukie. Mbegu za aina nyingi za Crotalaria zina sumu kwa mifugo, basi yasifike hatua ya kutoa mbegu mahali wanyama wanapopita. Na kama shida yako ni Pratylenchus badala ya minyoo fundo, jaribu eneo dogo kwanza, maana baadhi ya aina za marejea humlisha huyo.

Marigoldi, yale maua ya rangi ya chungwa ya jenasi ya Tagetes, yanasifiwa kila mahali na kutumiwa vibaya karibu kila mahali. Mizizi yake hai ina kemikali iitwayo alfa-tertienili, inayomdhuru mnyoo anayeingia au aliye karibu nayo sana. Karibu sana, nasisitiza. Mistari miwili ya marigoldi kuzunguka shamba la nyanya itapendeza macho, basi. Yanafanya kazi yakipandwa peke yake, shamba zima, mmea kwa mmea umbali wa sentimita 20 hivi, kwa miezi 2 au zaidi, bila magugu kati yake, kisha yakafukiwa. Tumia Tagetes patula au T. erecta, na zao kuu lifuate mara moja.

Upo pia mtego wa muda mfupi. Panda saladi au figili kwa wingi, minyoo waingie, kisha uzing'oe zote na mizizi yake kabla majike hawajataga, yaani ndani ya wiki 3 kwenye udongo wa joto. Hapa tarehe ndiyo kila kitu. Ukichelewa siku kumi umefuga. Kama huna uhakika wa kuwa shambani siku hiyo, usiujaribu.

Kwa nyanya kuna msaada mwingine: mbegu stahimilivu. Jeni iitwayo Mi ilichukuliwa kwa ndugu pori wa nyanya, Solanum peruvianum, katika miaka ya 1940, na aina zenye jeni hiyo hutiwa herufi N kwenye pakiti. Zinazuia M. incognita, M. javanica na M. arenaria. Haziwazuii M. hapla wala M. enterolobii, na udongo ukipita nyuzi 28 kinga yake hulegea. Ukizirudia msimu baada ya msimu mahali pale pale, unawachagua minyoo wachache wanaoweza kuzivunja. Zitumie kama sehemu ya mzunguko.

Hatua ya 7: Lisha maadui wa mnyoo

Nchini Uingereza, watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted akiwemo Brian Kerry walichunguza jambo la ajabu: mashamba yaliyopandwa nafaka mfululizo, ambako nematodi wa nafaka Heterodera avenae alitarajiwa kuongezeka, yalionyesha akipungua. Walikuta kuvu za udongoni zikiwaua majike na mayai. Walipomwagia udongo fomalini, kemikali ya kuua vijidudu, iliyoziua kuvu hizo, nematodi wakaongezeka. Nadhani kila anayefikiria kupuliza sumu ardhini angepaswa kuujua mfano huo kwanza. Udongo wako tayari una askari, na kazi yako ni kuwapa riziki.

Mboji na samadi iliyoiva ndiyo msingi, kila msimu, bila kukosa. Samadi ya kuku ina nguvu ya pekee kwa sababu inapooza hutoa amonia inayoua minyoo moja kwa moja. Weka kilo 1 hadi 2 kwa mita ya mraba, ichanganye na udongo wenye unyevu, na usubiri wiki 3 hadi 4, la sivyo amonia hiyohiyo itaunguza miche. Mashudu ya mwarobaini, yaani makapi yabakiayo baada ya kukamua mafuta ya mbegu, weka gramu 100 hadi 200 kwa mita ya mraba wiki 2 kabla ya kupanda, au konzi ndogo kwa kila shimo ukiichanganya na udongo vizuri. Maganda ya kamba na kaa yaliyosagwa yana kitini, ileile iliyomo kwenye ganda la yai la nematodi. Vijidudu vinavyoongezeka kwa kuila kitini huhamia kwenye mayai pia.

Haradali, kabichi na jamaa zao zikipondwa hutoa gesi kali, aina ya ule mwasho unaopanda puani ukila haradali. Zikate zikiwa zimeanza kutoa maua, zipondeponde sana, zifukie dakika hizohizo, mwagilia, na ufunike kwa plastiki au ushindilie udongo wa juu. Ukizikata asubuhi na kuzifukia jioni gesi imeshaondoka. Panda baada ya wiki 3. Kumbuka kwamba zikiwa hai mimea hii nayo inaweza kumlisha mnyoo, kwa hiyo isizeeke shambani.

Hatua ya 8: Viumbe wa kununua, na namna ya kuwatumia wakiwa hai

Sasa tunafika kwenye pakiti na chupa, ambako wengi hutaka kuanzia. Nimeziweka hapa makusudi. Kuvu iliyotiwa kwenye udongo mkavu usio na mboji na wenye mayai mamilioni itashindwa, na mkulima atasema udhibiti wa kibiolojia ni uongo.

Purpureocillium lilacinum, ambayo kabla ya mwaka 2011 iliitwa Paecilomyces lilacinus, hupenya mayai na kuyala ndani kwa ndani. Pochonia chlamydosporia hufanya vivyo hivyo, na huishi vizuri pembeni mwa mizizi. Trichoderma huimarisha mzizi, hushindania nafasi na huharibu baadhi ya mayai. Bakteria kama Bacillus firmus na B. subtilis hukaa juu ya mzizi na kumvuruga kinda anayeutafuta. Pasteuria penetrans ni bakteria wa namna yake: spora zake, yaani chembe ndogo anazoenea kwazo, hunata kwenye ngozi ya kinda anapopita, anaingia nazo kwenye mzizi, na jike anakua akiwa amejaa spora zaidi ya milioni 2 badala ya mayai. Na wako wawindaji wanaoishi udongoni bila kualikwa, kama Arthrobotrys, kuvu zinazotega nyavu zenye gundi. Jamaa zao hutengeneza pete ya seli tatu. Mnyoo akipitisha kichwa, seli zinavimba kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde na kumbana. Mboji ndiyo chakula chao.

Ukinunua, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, idadi ya spora hai kwa gramu, na kama bidhaa imesajiliwa kwa zao lako. Pakiti iliyokaa dirishani juani iache dukani. Tia mara ya kwanza kitaluni, kwenye udongo wa trei, siku kadhaa kabla ya kuhamisha. Mara ya pili shimoni siku ya kupanda. Kisha rudia baada ya wiki 4 hadi 6 kama lebo inavyoelekeza. Kipimo ni cha lebo, kwa sababu nguvu ya bidhaa hutofautiana. Mwagilia jioni udongo ukiwa na unyevu, toa vichujio vidogo vya pampu visizibe, na usitumie pampu iliyokuwa na dawa ya ukungu bila kuiosha mara tatu. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye ndoo usiku mmoja. Dawa ya ukungu isimwagwe kwenye udongo huo wiki mbili kabla na mbili baada.

Vaa glavu, miwani na kitambaa cha pua. Purpureocillium imewahi kusababisha maambukizi ya macho kwa watu, na mwenye kinga dhaifu asiishike.

Acha mistari miwili bila kuweka kitu. Bila mistari hiyo hutajua kama pesa yako imefanya kazi au ni mvua nzuri tu.

Hatua ya 9: Zao likiwa shambani

Panda miche yenye mizizi mingi, si midogo dhaifu. Msimu wenye baridi, udongo ukiwa chini ya nyuzi 18 hivi, makinda huzubaa na mizizi inapata nafasi ya kutangulia. Karoti za kipindi hicho hutoka zimenyooka kwenye shamba lilelile linalozipotosha wakati wa joto. Weka matandazo mazito ili udongo usikauke. Mwagilia kidogo kidogo mara nyingi, kwani mzizi wenye mafundo hauwezi kunywa maji mengi kwa mkupuo. Pandishia udongo kwenye shina la mnyanya ulioathirika ili uote mizizi mipya juu. Hiyo haimwondoi mnyoo, lakini inaufikisha mmea kwenye mavuno.

Chumvi na majivu mengi vinaharibu udongo kuliko vinavyoharibu minyoo. Nematodi wanaouzwa kwa ajili ya kuua viwavi na mabuu, Steinernema na Heterorhabditis, wana kazi yao nyingine kabisa; usiwanunue ukitegemea watakula minyoo fundo.

Hatua ya 10: Toa alama siku ya mwisho

Siku ile ya kuchimba mizizi ya hatua ya 4, chagua mimea 10 kutoka kila kipande bila kupendelea, osha mizizi yake na uipe alama: 0 hakuna fundo; 1 mafundo machache ya kutafuta; 2 yanaonekana upesi lakini mizizi mingi ni safi; 3 nusu ya mizizi imeathirika; 4 karibu yote; 5 yote, na mingine imeoza. Jumlisha, gawa kwa 10, andika kwenye mchoro wa shamba pamoja na tarehe na jina la zao.

Kipande chenye wastani chini ya 1 kinaweza kupokea mboga nyingine, kikipewa mboji. Kati ya 1 na 3 kipewe karanga au marigoldi kwanza. Kikipita 3 kisahau mboga za jamii ya nyanya kwa angalau mwaka: jua, marejea, samadi ya kuku, halafu vikopo vyako vya tango tena kabla ya kurudi. Kipande hicho kilimwe cha mwisho kila siku, na jembe lioshwe kabla ya kurudi stoo.